Walihesabu Matuta, Hawakuhesabu Wamama

Kila tarehe 8 Machi kuna posta moja huzunguka kwa simu zetu. Rangi ya zambarau, mama amebeba jembe, na maandishi makubwa: wanawake wanamiliki asilimia 1 pekee ya ardhi yote duniani. Nimeiona kwa stetasi za watu mpaka nimeikariri. Shida ni kwamba hiyo namba haina mwenyewe. Watafiti kama Cheryl Doss, mwanauchumi wa kilimo, waliifuatilia kutafuta ilitoka wapi, na hakuna aliyepata utafiti uliopima ardhi ya dunia nzima ukatoa 1. Ilitajwa kitambo, ikarudiwa, ikarudiwa tena, na sasa imezeeka kiasi kwamba kuiuliza maswali kunaonekana kama kukosa adabu.

Kabla uniambie ati napinga haki za wamama, tulia. Hali ya Kenya haihitaji kutiwa chumvi. Mwaka wa 2018 Kenya Land Alliance walitoa hesabu ya hatimiliki karibu milioni moja kati ya zile zilizotolewa na serikali kuanzia 2013 hadi 2017. Za wanawake zilikuwa kama 1 kati ya 10. Lakini ukiacha kuhesabu karatasi ukapima udongo wenyewe, fungu lao lilikuwa chini ya asilimia 2. Yaani hata yule mama aliyepata taito, mara nyingi ni ya kashamba kadogo. Ardhi ni ile ile, miaka ni ile ile, na kuna namba mbili. Waziri akitaka kujipigia makofi anajua atasoma gani.

Mimi nataka tuongee kuhusu hapo tu: nani hupima, hupima nini, na mbona mama mwenye jembe ndiye huulizwa mwisho. Watu hudhani hii ni shida ya mashirika ya juzi na tisheti zao. Zi. Tunarudi nyuma kama miaka 80, Murang'a, wakati serikali ya mkoloni iliita pale Fort Hall.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakoloni waliingiwa na wasiwasi kuhusu udongo. Ridges zilikuwa zimejaa watu, mvua ikinyesha udongo unaenda na mto. Hawakutaka kusema kwamba watu wamebanana kwa sababu ardhi nyingine ilichukuliwa na walowezi, kwa hivyo wakasema Mwafrika hajui kulima. Dawa ikawa matuta, zile ngazi za udongo unaona ukipanda milima ya Murang'a na Machakos. Watu walilazimishwa kutoka asubuhi mbili kila wiki kwenda kuchimba bila malipo. Na ukiangalia nani alikuwa nyumbani wakati huo, wanaume wengi walikuwa Nairobi au kwa mashamba ya wazungu wakitafuta pesa ya kodi. Aliyeenda kuchimba ni mama, na mtoto mgongoni.

Sasa sikia ripoti zilikuwa zinasema nini. Zilihesabu matuta. Wamechimba urefu gani, eneo la chifu gani linaongoza, nani yuko nyuma. Machifu wakawa wanashindania namba, na kwa kipimo hicho Fort Hall ilikuwa wilaya ya kupigiwa mfano, kama yule mtoto wa jirani ambaye mathee wako hachoki kumtaja. Halafu 1947 watu wakaacha kuchimba. Siasa ilikuwa imechangia, kuna mikutano iliyosema wazi kwamba wanawake wasilazimishwe tena kazi hiyo. Mwaka uliofuata wanawake wenyewe waligoma, wengine wakashikwa, wenzao wakaandamana. Mradi ulikuwa unang'ara kwa karatasi mpaka siku ulianguka, juu daftari halikuwa na safu ya masaa ya mama, wala ya shamba lake lililojaa magugu akiwa kwa shamba la kulazimishwa.

Ukiuliza wangejuaje, jibu ni kwamba walikuwa na macho. Hawakuwa na sababu ya kuandika.

Mambo yakabadilika sura, tabia ikabaki. 1952, mwaka ule Hali ya Hatari ilitangazwa, ndio pia Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa chini ya idara ya serikali. Vilabu vilifunza kushona, kupika, usafi, malezi. Vilihesabiwa vilabu na wanachama, na katikati ya miaka hiyo wanachama walikuwa tayari makumi ya maelfu. Namba tamu sana. Lakini wakati huo huo serikali ilitaka wamama waachane na Mau Mau, kwa hivyo mwanachama mmoja kwa ile orodha angeweza kuwa mama aliyependa kushona, au mama aliyeona kujiandikisha ni njia ya kuachwa na askari. Orodha haikutofautisha.

Halafu 1954 ikaja ile kitu kubwa zaidi, mpango wa Swynnerton. Roger Swynnerton alikuwa afisa wa kilimo, na mpango wake ulikuwa Mwafrika apewe ruhusa ya kulima kahawa na chai kwa wingi, vipande vya ardhi viunganishwe, na kila shamba liwe na hatimiliki. Shuleni tulifunzwa hii kama maendeleo, na kwa pesa iliyoingia, ilikuwa. Lakini hati iliandikwa jina la mkuu wa nyumba. Mkuu wa nyumba ni nani? Haya. Kabla ya hapo mke alikuwa na kipande alichopewa alime, na kilijulikana ni chake kutumia, hata kama ardhi ni ya ukoo. Hakuwa mmiliki kwa maana ya leo, tusidanganyane, ila mume hangeamka siku moja akiuze. Karatasi ilipokuja ikaandika mtu mmoja. Zile haki zingine zote za mama za kulima, kuvuna na kupanga nani anakula nini, hazikuwa na mahali kwa fomu. Kwa vipimo vya Swynnerton, yaani mapato ya mazao, mafanikio yalikuwa makubwa. Hicho ndicho kinaniudhi. Namba zake hazikuwa za uongo.

Mfano unaouma kuliko yote kwangu ni Mwea. Wengi tunajua Mwea kwa pishori pekee. Mifereji ya kwanza ilichimbwa na wafungwa wa Hali ya Hatari, halafu familia zikapewa kila moja ekari 4 za mpunga kama wapangaji. Kila kitu kilipangwa kutoka ofisini: lini maji yafunguliwe, lini upande, umuuzie nani. Mavuno yakawa mazuri. Wageni wakawa wanaletwa kuona. Kati ya miradi ya unyunyizaji Afrika, huu ulikuwa ule wa kuonyesha watu.

Mwaka wa 1973 kilitoka kitabu kizima kuhusu Mwea, na ndani yake kuna sura iliyoandikwa na Jane Hanger na Jon Moris kuhusu wanawake na uchumi wa nyumba. Hao wawili walifanya kitu rahisi: waliuliza nyumba inakula nini na nani analipia. Wakapata kwamba mama wa Mwea alikuwa na kazi zaidi kuliko alikotoka, kwa sababu mpunga unataka kupaliliwa na kuvunwa kwa wakati wa ofisi, si wakati wake. Kuni ambazo kwao aliokota, hapa ilibidi zinunuliwe. Mahindi na maharagwe aliyozoea kulima hayakuwa na mahali pa kutosha, kwa hivyo chakula pia kikawa cha kununua. Na pesa ya mpunga ilikuwa inaingia kwa mume, kwa sababu yeye ndiye mpangaji. Mama alipewa mpunga kidogo kama shukrani kwa kazi yake, na wengine wakawa wanauuza kichinichini kwa bei ya hasara, mradi wapate shilingi ambayo si ya kuombwa.

Nyumba tajiri, mama maskini, paa moja. Hakuna wastani wa mapato ya familia utawahi kukuonyesha hiyo. Wastani unadhani familia ni mtu mmoja mwenye mfuko mmoja.

Sura hiyo haikuja peke yake. 1970 Ester Boserup, mwanauchumi kutoka Denmark, alikuwa ameandika kitabu kilichosema maendeleo yanampita mwanamke mkulima, na watu wa ofisi kubwa walianza kusikia. Hapa kwetu, katikati ya miaka ya 1970, Kathleen Staudt alienda Kakamega kuuliza swali ambalo hakuna ofisa alikuwa anataka liulizwe: yule afisa wa kilimo anayelipwa kuzunguka vijijini hutembelea nani? Alilinganisha mashamba yanayosimamiwa na mwanamke na yale ambayo mume na mke wako pamoja. Kati ya mashamba ya wanawake, karibu nusu hayakuwa yamewahi kuona afisa hata siku moja. Kwa yale mengine, ambayo hayajawahi kutembelewa yalikuwa zaidi kidogo ya robo. Na hawa si wamama waliokataa mambo mapya, walikuwa wanapanda mahindi ya kisasa kama wengine. Kwa hivyo ukikuta shamba la mwanamke liko nyuma, kabla useme hajui, uliza nani alikataa kufungua lango lake.

Ninachompendea Staudt ni kwamba aligeuza kipimo. Kila mtu alikuwa anampima mkulima. Yeye akaipima serikali.

Miaka hiyo hiyo kuna mtu mwingine alifanya hesabu yake kivyake. 1977 Wangari Maathai, akiwa na Baraza la Kitaifa la Wanawake, alianzisha Green Belt Movement. Tunajua miti, tunajua Uhuru Park, tunajua Nobel ya 2004. Kile hatuongelei sana ni jinsi walivyolipa. Vikundi vya wamama viliotesha miche, na malipo kidogo, kama senti 4 za Marekani, yalitolewa kwa kila mche ulioshika na kuendelea kuishi. Hukulipwa kwa kuhudhuria semina wala kwa kuchimba shimo. Na waliofuatilia ni mche gani umeshika na upi umekufa walikuwa wamama wenyewe, wengi wakiwa hawakusoma sana. Kama mtu ambaye hakumaliza digrii yake, hiyo sehemu naisomanga mara mbili. Miti imepita milioni 50. Bado ni miti iliyohesabiwa, nakubali, lakini daftari lilikuwa mikononi mwa mwenye jembe, na hiyo ilikuwa mpya.

Turuke miaka kadhaa mpaka Meru, miaka ya 1990. Ulaya walikuwa wanataka maharagwe machanga, yale watu wa Kirinyaga huita mishiri, na makampuni yakaja kutafuta wakulima wadogo. Mboga Meru zilikuwa shamba la mama. Kwa hivyo kwa karatasi, hii ilikuwa ndoto: zao la mama, soko la nje, pesa taslimu. Mtafiti Catherine Dolan alikaa huko akafuatilia, na alichochapisha 2001 si ndoto. Zao lilipoanza kulipa, wanaume wakaingia. Kandarasi ikaandikwa jina la mwenye ardhi. Wanawake walikuwa wanafanya zaidi ya theluthi mbili ya kazi ya hayo maharagwe na kupata chini ya asilimia 40 ya pesa. Ukipima "wanawake waliofikiwa na soko," mradi umepasi kwa alama za juu. Ukiuliza nani alishika noti, ni stori ingine. Dolan anaeleza pia jinsi ndoa zilivyochacha, wamama wengine wakikimbilia makanisa ya wokovu kupata nguvu ya kuvumilia, na maneno ya uchawi na sumu yakizunguka kijijini. Hakuna ripoti ya mauzo ya nje ina safu ya hayo.

Baada ya zaidi ya miaka sitini ya vitu kama hivyo, mwaka wa 2012 watu wa IFPRI, USAID na Chuo Kikuu cha Oxford walitoa chombo cha kupima uwezo wa mwanamke kwa kilimo, kinachojulikana kwa kifupi WEAI. Kilijaribiwa kwanza Bangladesh, Guatemala na Uganda hapa jirani. Maswali yaliulizwa kwa mwanamke na mwanamume wa nyumba moja, kila mtu kivyake. Nani huamua kinachopandwa. Nani anaweza kuuza mbuzi. Nani husema pesa itumike vipi. Kama uko kwa kikundi, kama unaweza kusimama ukaongea mbele za watu. Na masaa: ukifanya kazi zaidi ya masaa 10 na nusu kwa siku, za shamba na za nyumba, unahesabiwa umelemewa.

Hiyo ya masaa naiheshimu sana. Fikiria mradi unampa mama kuku mia. Pesa yake inapanda, sauti yake kwa nyumba inapanda, na usingizi wake unaisha. Kipimo cha zamani kingesema hongera. Hiki kinakwambia umempa mkono huu ukamnyang'anya na ule.

Lakini chombo ni chombo. Nilipoacha chuo niliwahi kufanya kazi ya kukusanya data mashinani, kampuni sitaitaja, walinilipa wakichelewa lakini walinilipa. Tableti mkononi, maswali hayaishi. Nyumba moja nikamuuliza mama nani huamua mahindi yauzwe lini. Akaangalia mlango, mzee alikuwa hapo nje anapasua kuni, akasema, "Tunaamuanga pamoja." Nikabonyeza "pamoja." Tukimaliza alinisindikiza mpaka kwa lango, akacheka, akaniambia, "Kijana yangu, wewe acha hivyo hivyo. Mimi hutoa gorogoro zangu kumi kando kabla baba yao hajahesabu magunia."

Tableti haikuwa na mahali pa gorogoro kumi. Na mimi mpaka leo sijui ningeziandika wapi. Ni uwezo ama ni ukosefu wa uwezo? Anaamua, tena bila kuuliza mtu, lakini kwa kujificha, vile wamama wa Mwea walivyouza mpunga. Waliotengeneza WEAI wenyewe waliona mapengo, toleo lao la baadaye lililotoka 2018 likaongeza mambo kama heshima kati ya watu wa nyumba moja na kama mtu anaona ni sawa mke kupigwa. Wanaongeza maswali. Mama bado anaangalia mlango.

Kuna jambo lingine huwa silipendi kwa hii biashara. 2011 FAO walisema wanawake wakulima wakipata mbegu, mbolea na vifaa kama wanaume, mavuno ya mashamba yao yanaweza kupanda kwa asilimia 20 hadi 30, na watu kati ya milioni 100 na 150 wangetoka kwa njaa. Hesabu yao ilifanywa kwa uangalifu. Lakini tangu hapo kila ombi la pesa linaanza na hiyo sentensi, na ukisikiliza vizuri utasikia mama anauzwa kama mbolea: mweke hapa, mavuno yatapanda. Je, yasipopanda? Haki yake ya kuandikwa kwa hati inategemea magunia? Chifu wa Fort Hall angeielewa hiyo hesabu bila shida.

Na usifikirie hii ni mada ya wafadhili tu, ukae ukisema haikuhusu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema ndoa ikivunjika, mali hugawanywa kulingana na mchango wa kila mtu, na mchango si pesa peke yake. Imetaja kazi za nyumbani, kulea watoto, na imetaja kazi ya shamba, hivyo hivyo kwa maandishi. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe ati kwa sababu mlioana, kila mmoja lazima athibitishe mchango wake. Kwa kesi iliyokuwa mbele yao waliachia kila upande nusu yake. Lakini kanuni imebaki: thibitisha.

Sasa mama wa Nyamira au Kericho aliyechuma majani chai miaka 25 athibitishe na nini? Mume ana risiti, hati, stetimenti za benki. Yeye ana mikono. Kama kuna mtu alipaswa kuwa ameandika hayo masaa, ni hizi ofisi zote zilizopita kwake tangu 1945 na madaftari yao, na kila moja iliandika kitu kingine.

Kwa hivyo wikendi ukienda ocha, ama ukipigia shosho simu, muulize: ile namba ya mkulima pale kituo cha kununulia majani iko kwa jina la nani? Na bonasi ikitoka mwezi wa kumi, ni simu ya nani hulia?